Kiti cha Mkonge

Mkonge uliolowa una harufu yake, na aliyekulia Ukambani hahitaji kuelezwa. Ni harufu chachu, nzito, inayokwama kooni. Nyinyi wa rika langu mliosokota kamba mkiwa watoto mnaijua. Mimi sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi, mpaka wiki mbili baada ya kumzika baba, alipokuja kijana mmoja kutoka Nairobi kuangalia gari lake.

Kijana huyo hununua magari ya zamani, akayatengeneza na kuyapeleka kwenye maonyesho. Alikuwa ameambiwa kwamba kuna mzee wa Kalamba aliyeacha Pijo 404 ya samawati nyuma ya nyumba, imefunikwa turubai. Alilizunguka gari mara tatu akilipiga picha na kulisifu, utadhani amekuja kuposa. Kisha akafungua mlango wa nyuma na kurudi hatua moja. Turubai lilikuwa limetoboka, na mvua ya juma lile ilikuwa imeingia hadi kwenye viti.

"Auntie, hizi viti mliweka nini ndani?"

 Harufu ilikuwa imenifikia, na mimi nilikuwa na miaka kumi tena, nimekaa pale nyuma, nimebana mapaja.

Baba alikuwa fundi wa magari, mwenye kibanda cha mabati sokoni Kalamba. Pijo ile aliinunua kwa Mzungu mmoja mchimba visima aliyekuwa akirudi kwao. Kanisa letu lilikuwa ng'ambo tu ya uwanja, lakini Jumapili tulikwenda kwa gari, mimi nyuma, baba na mama mbele, na tulipofika tulishuka polepole ili tuonekane. Watu walimtania kwamba siku moja angeenda hata chooni kwa Pijo. Baba alicheka, maana alijua hawako mbali sana na ukweli.

Mama yangu nilimwita Mwaitu, kama watoto wote wa Kikamba wanavyowaita mama zao. Kwao kulikuwa Tulia, upande wa Kitui. Alikuwa mtu wa adabu hadi ukachoka. Hukuruhusiwa kula ukitembea, hukuruhusiwa kumpita mtu mzima bila kumsalimia, na kama jirani amekukopesha kikombe cha chumvi, kikombe hakirudi kitupu. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, kwa hiyo adabu yote ya nyumba nzima iliniangukia mimi.

Siku ile tulikuwa tunarudi kutoka Tulia. Nilikuwa na miaka sita. Bibi wa huko, mama yake Mwaitu, alikuwa amempa mayai ishirini, akayapanga ndani ya kiondo juu ya majani makavu, na Mwaitu aliyapakata njia nzima bila hata moja kupata ufa. Tulikuwa tumebakisha mto mmoja tu kufika nyumbani, ule mto wa mchanga ulio chini ya Kalamba.

Mito yetu ni ya ajabu kwa asiyeizoea. Karibu mwaka mzima huoni maji, ni mchanga mweupe tu, na maji yamejificha chini yake. Wanawake huchimba visima vifupi mle mchangani wakachota kwa kibuyu. Halafu mvua ikinyesha milimani, mto hushuka wote kwa mpigo mmoja, hata kama pale ulipo wewe jua linachoma. Kila mtu analijua hilo, na baba alilijua kuliko wengi. Lakini siku ile redieta ilichemka gari likiwa katikati ya mchanga, na mbingu ilikuwa safi. Akasimama, akafungua boneti, akaenda kuchota maji kwenye kisima.

Mimi nikasema nimebanwa na mkojo. Nilikuwa nimeshafungua mlango, nataka kuchuchumaa kando ya gurudumu. Mwaitu hakugeuka, maana mayai yalikuwa mapajani, lakini sauti yake ilinisimamisha.

"Sio hapa. Watu wanakunywa hii maji."

Akamwita baba, akamwambia anipeleke juu ng'ambo, kwenye vichaka, mbali na visima. Kwingine mtoto angekojoa palepale na safari ikaendelea. Kwetu mto ni mtungi wa watu wote, na mtu mwenye adabu hachafui mtungi. Mchanga ulikuwa wa moto, kwa hiyo baba alinibeba mabegani.

Nilikuwa sijamaliza niliposikia mngurumo. Nikadhani ni lori linakuja, nikaharakisha kuvuta nguo ili wasinione. Baba hakudhani ni lori. Aliniambia nisitoke pale, akakimbia, na maji yalifika kwenye gari kabla yake. Yalikuwa ya rangi ya kahawa, yamebeba magogo na povu. Gari halikuzama. Liliinuka, likageuka taratibu mpaka uso wake ukatazama tulikotoka, kisha likaenda na kupotea kwenye kona ya mto. Kwa macho yangu ya miaka sita, lile halikuwa gari linalosombwa. Nilimwona Mwaitu akigeuza gari kurudi Tulia.

Baba aliporudi nilipokuwa, amelowa hadi shingoni, kiatu kimoja hana, nilimwambia, "Kumbe Mwaitu anajua kuendesha."

 Hakunipiga. Mara nyingi nimetamani angenipiga.

Walitafuta siku nne, wanaume wa Kalamba wenye fimbo ndefu wakichoma mchanga, hadi mahali mto wetu unapoingia Athi. Hawakupata gari wala mtu. Mchungaji akaomba bila jeneza, watu wakanywa chai, wakatupa pole, wakaenda zao. Susu, mama yake baba, alisema boma lisilo na kaburi la mtu wake ni boma lililoachwa mlango wazi.  Baba alikuwa shemasi kanisani, na maneno ya namna hiyo alikuwa akiyakataa kwa Biblia, lakini siku hiyo hakufungua Biblia.

Mimi nilisimama barabarani kila jioni nikitazama upande wa Kitui. Dada yake baba, shangazi Mbithe, aliyehamia kwetu kutupikia, alichoka kunivuta mkono. Mwishowe akanichuchumalia na kuniambia kwamba gari lilimharibikia mama mbali sana, na siku baba atakapolipata akalitengeneza, atakwenda kumchukua. Alitaka ninyamaze nile. Nilinyamaza, nikala, na neno lile nikaliweka. Watu wazima husema uongo wa huruma kisha wakausahau palepale, mtoto akabaki nao.

Kitu kingine nilikiweka bila kuambiwa na mtu. Ni mimi. Kama ningejibana kidogo tu, baba angeweka maji kwenye redieta, tungevuka. Sikumwambia yeyote, kwa sababu niliamini wote wanajua na wananihifadhia aibu.

Miaka mitatu ilipita. Malori ya mchanga yalikuwa yameanza kuja mtoni kutoka Nairobi, na vijana wa kwetu walichimba kutwa nzima kuyajaza. Siku moja koleo la kijana mmoja liligonga bati chini ya mchanga, kona mbili chini ya pale tulipokuwa tumesimama. Alifukua kidogo akaona samawati. Hakuna aliyeuliza gari ni la nani. Walimtuma mtu mbio sokoni, na baba akaacha gari la watu likiwa juu ya jeki. Mimi niling'ang'ania baiskeli yake hadi akaniketisha nyuma.

Gari lilikuwa limejaa mchanga hadi kwenye dari. Vijana walitaka kumsaidia, akawakataza. Alileta chekeche la waya la kuchekechea mchanga wa kujengea, akaingia mwenyewe, akatoa mchanga ule sepetu kwa sepetu na kuuchekecha wote. Ilimchukua siku mbili. Madereva wa malori walicheka mwanzoni, kisha mtu akawanong'oneza, wakazima injini zao. Nilimuuliza anatafuta nini. Akasema, vitu vidogo. Nikadhani ni skrubu. Nikachuchumaa naye, nikiokota kila kitu cheupe au cheusi na kumwonyesha, hiki je, hiki je. Alikuwa anavichukua mkononi mwangu kimoja kimoja, anavigeuza kwenye mwanga, anasema hapana. Ni changarawe, ni mfupa wa ndege. Nilikuwa mtu mzima, niko jikoni kwangu mwenyewe nachekecha unga, nilipoelewa nilikuwa nikimfanyia nini. Nilikaa chini sakafuni.

Chekeche lilitoa kitu kimoja tu, mkanda wa ngozi wa kiondo. Wazee wa ukoo walikuja, wakasema basi, Mungu ametupa hiki, tukizike, boma lipate kaburi. Waliongea vizuri na kwa upole.

"Mimi siwezi kuzika mkanda," baba aliwaambia.

Aliukunja akautia mfukoni mwa shati, na kuanzia siku hiyo sikumwona bila huo mkanda.

Fahali wanane walilivuta gari hadi Kalamba. Watu walidhani atalikata vyuma. Badala yake aliliweka juu ya mawe ndani ya kibanda na kuanza kulifungua, boliti kwa boliti. Injini ilikuwa imeoza. Akaenda Malili, kwenye barabara kuu, ambako Pijo nyingine ilikuwa imegongwa na trela, akarudi na injini yake juu ya mkokoteni wa punda, safari ya siku mbili. Sakafu akaichomelea upya. Wateja walikuja na kurudi. Mashine ya kusaga ya soko zima ilikaa miezi miwili bila kutengenezwa, na watu wakatembea na mahindi yao hadi soko lingine wakimlaani kwa heshima. Mvua za mwaka ule hazikuja. Susu alipouliza tutakula nini, baba alisema atamaliza karibuni. Shangazi Mbithe akachukua jembe, akawa kibarua mashambani mwa watu. Majirani walisema sikio la kufa halisikii dawa, na walisema mbele yangu, kana kwamba mimi ni mbuzi.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa na furaha kuliko wote, na hilo ndilo linaloniumiza nikikumbuka. Kila nilipotoka shule nilikimbilia kibandani, nikachukua msasa, nikasugua kutu hadi ncha za vidole zikaota ngozi ngumu. Niliusugua mlango wa mbele wa kushoto peke yangu, kwa sababu ulikuwa wa Mwaitu. Baba alinisifu kwamba nina mkono mzuri. Sikumwambia nafanya kazi ile kwa nini, na yeye hakuniambia ya kwake. Tulifanya kazi bega kwa bega mwaka mzima, kila mmoja na wazimu wake.

Siku moja nilimkuta ameshika nyundo mbele ya bawa la gari, lile bati la juu ya gurudumu la mbele, ambalo alikuwa amelinyoosha wiki iliyotangulia, likawa laini kabisa. Akalipiga. Bonde dogo likatokea juu kidogo ya taa. Nikakumbuka. Pale palikuwa na bonde tangu zamani, alipogonga mlango wa kanisa akiegesha kwa maringo. Alikuwa akilirudisha. Akarudisha na mkwaruzo wa mlango wa nyuma, akaupima kwa kidole. Mimi nilifurahi. Niliona ni busara, kwamba Mwaitu akiliona gari kwa mbali asije akalikosea na la mtu mwingine.

Viti tu ndivyo vilivyomshinda. Sponji na ngozi yake vilikuwa vimeoza, na mpya hazikupatikana. Ikabidi amwombe Susu. Susu alikuwa hajasogea karibu na gari lile tangu lifike. Kwake, chombo kilichomeza mtu kina uchafu unaoweza kushika watoto na mifugo, na dawa yake inajulikana. Mbuzi achinjwe, gari linyunyiziwe, kisha watu waingie. Baba alisema hataki mambo hayo. Wakati huo alikuwa ameshaacha hata kanisa, kwa hiyo hatukujua tena anayakataa kwa niaba ya nani. Susu akangoja hadi siku baba alipokwenda Malili kutafuta kabureta, akafanya yake na wazee wawili, mimi nikimshikia kibuyu. Akaniambia nikisema ulimi wangu utavimba. Kisha akakaa chini, akasokota nyuzi za mkonge kwenye paja lake miezi miwili, akafuma viti vya Pijo kama anavyofuma kiondo, mistari ya kahawia na nyeusi, na kuvijaza mkonge mkavu. Viliwasha miguu vibaya sana. Vilikuwa vizuri pia, lazima niseme.

Gari likakamilika katika mwezi uleule ambao lilikuwa limechukuliwa, miaka minne baadaye. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi. Baba alioga, akanyoa, akamwomba Susu mayai ishirini. Susu karibu alie kwa furaha. Alidhani hatimaye mwanawe anakwenda Tulia kwa wakwe zake kuomba radhi, na akakopa mayai nyumba tano. Baba akayapanga ndani ya kiondo juu ya majani makavu, akakiweka kwenye kiti cha mbele, cha kushoto. Mimi nilikuwa nimevaa gauni la kanisani bila kuambiwa.

"Tunaenda kumchukua?" nikamuuliza.

 Akasema, "Tunaenda mtoni."

Kwangu hilo lilikuwa jibu tosha. Nikaingia nyuma, mahali pangu. Injini ikawaka mara moja. Tulipopita sokoni watu waliacha biashara zao wakasimama, wengine wakapiga makofi, na mzee mmoja muuza tumbaku akasema fundi amefufua. Nilimsikia, na niliamini.

Alishuka mtoni polepole, akasimamisha gari katikati ya mchanga, palepale. Akatoka, akafungua boneti. Hakukuwa na kitu kilichochemka. Alisimama mbele ya injini kwa kitambo, akafunga, akarudi ndani na kukaa. Akapandisha vioo. Nilijua tunachongoja. Mwaitu alikwenda na mto, basi atarudi na mto. Juu milimani mawingu yalikuwa yamekuwa meusi, na niliyaona, na nikafurahi.

Wanawake waliokuwa visimani walianza kukusanya madebe yao. Mmoja alikuja hadi karibu na dirisha la baba.

"Fundi, toa gari. Kumenyesha huko juu."

Baba akamwinulia mkono kumsalimia. Yule mama akangoja kidogo, akamtazama, akanitazama mimi, kisha akamfuata punda wake. Tukabaki wawili.

Nilikuwa nimekunywa uji mwingi asubuhi ile, na mkojo ukaja. Ulianza taratibu, halafu ukawa mkali. Nikabana mapaja na kuuma mdomo. Nilikuwa nimeungoja mtihani huu miaka minne. Nilijiambia safari hii sishuki, hata nife. Nikishuka tu, gari litaondoka tena.

Nadhani alinisikia nikijisogeza juu ya mkonge. Bila kugeuka akauliza, "Unataka kushuka?"

"Hapana."

Muda ukapita. Jasho lilikuwa linanitoka. Akauliza tena, na safari hii sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayeomba.

"Mama, hutaki kushuka? Nikupeleke pale juu?"

"Hapana, baba. Sitaki."

Leo mimi ni mzee kuliko alivyokuwa yeye siku ile, na naelewa alichokuwa akiniomba. Alikuwa amelijenga gari lile, na bonde lake, na mkwaruzo wake, na mayai yake, ili siku ile irudi kama ilivyokuwa. Angenibeba mabegani hadi kwenye vichaka, aniweke chini salama, kisha arudi kukaa mahali pake kabla maji hayajafika. Kilichobaki ni mimi kusema ndiyo. Nami nilikataa, kwa sababu nilitaka mama yangu.

Ukanishinda. Sikuwahi kuona aibu kama ile, kabla wala baadaye. Ulitoka wote, wa moto, ukaingia kwenye mkonge wa Susu, na harufu ikapanda mara moja ikajaza gari lililofungwa vioo. Nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, si kwa sababu ya gauni. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeharibu tena, na sasa Mwaitu hatakuja.

Baba aligeuka. Alitazama kiti, akanitazama mimi, akatazama chini ambako mkojo ulikuwa umefika sakafuni na kuanza kutafuta njia ya kutokea. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla, asiyejua yuko nyumba gani. Midomo ikasogea mara mbili kabla ya sauti.

"Sio hapa," alisema. "Watu wanakunywa hii maji."

Akawasha gari. Halikushika. Akawasha tena, likashika, likatambaa mchangani hadi likapanda ukingo.

Huko juu alizima, akafungua milango yote minne ili kiti kikauke, akakaa chini karibu na gurudumu na mkanda wa kiondo mkononi. Mimi nikakaa karibu naye na gauni langu limelowa. Tukautazama mto. Haukuja. Yale mawingu yalisukumwa na upepo yakaenda kunyesha kwingine, au hayakunyesha kokote. Tulikaa hadi wale wanawake wakarudi na madebe yao, wakatupita bila kuuliza. Baba alilia mchana ule wote, bila kujificha. Sijamwona tena mwanamume akilia hivyo. Nilitaka kumwambia samahani, lakini zilikuwa samahani mbili, ya kwanza na ya pili, na sikujua nianze na ipi.

Tulirudi nyumbani na mayai yote ishirini. Susu aliyachemsha, tukayala siku tatu mfululizo, maana njaa ilikuwa imeshaingia.

Baba hakuliendesha gari lile tena. Aliliegesha nyuma ya nyumba, akalifunika, akarudi kutengeneza mashine za watu. Aliishi miaka mingi, akanisomesha, akazeeka, na kila Jumamosi alifunua turubai na kulipangusa vumbi. Hatukuongea juu ya siku ile hata mara moja. Kitandani, karibu na mwisho, nilimshika mkono nikafungua mdomo ili nimwambie kwamba ni mimi, tangu mwanzo ni mimi. Akasema anataka maji. Nikaenda kuleta maji, na niliporudi alikuwa amelala, kesho yake akaaga. Watu walisema amekufa kifo kizuri, kwa umri wake na kitandani kwake. Tulimzika na mkanda mfukoni. Kaburi lake liko peke yake, na upande wa kushoto tumeacha nafasi isiyo na mtu wa kuijaza.

Mchanga wa mto ule haukuacha kuchimbwa. Malori yaliendelea kuupeleka Nairobi, na Nairobi ilijengwa nao, na inajengwa hadi leo. Nilifanya kazi huko miaka ishirini. Nilipohamia chumba changu cha kwanza, niliweka kiganja ukutani nikajiuliza kama mchanga wake ulitoka kwetu, na ulikuja na nani, kisha nikajiuliza hivyo katika kila chumba nilichohamia, hadi nikawa siwezi kulala upande wa ukuta. Ndipo nikarudi Kalamba.

Kijana alikuwa bado ananisubiri nijibu kuhusu viti. Nikamwambia ni mkonge. Akasema pole, hivyo vitatupwa, atavalisha ngozi halisi kama vilivyotoka kiwandani, na lile bonde la mbele atalinyoosha, halitaonekana kabisa. Nikamwambia sawa. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliniita auntie na kufunga mlango wa gari polepole. Akanikaribisha Nairobi siku gari litakapokamilika, nikalione, nilale kwake, ana nyumba mpya amemaliza kuijenga.

Nilimshukuru. Nikamwambia Nairobi huwa silali.